Tovuti Iliyofunguliwa kwa Laini ya Shangazi

Kijana wa huduma kwa wateja alikuwa na sauti ya mtu aliyefundishwa kutocheka kazini. Aliniuliza kama namba ya simu iliyoandikishwa kwenye akaunti ya tovuti yangu ni yangu mwenyewe. Nikamjibu kwamba hapana, ni ya shangazi yangu, anakaa kijijini upande wa Mhunze. Nilisikia vidole vyake vikibonyeza kitu, kisha vikaacha.

"Kwa hiyo dada," akasema kwa upole, "kwa jinsi tunavyoona huku, mwenye tovuti ni shangazi."

Kosa hilo sikulifanya kwa bahati mbaya. Nililifikiria kwanza, tena nikajipongeza.

Tovuti hiyo niliifungua nilipokuwa nikiishi kwenye mji mmoja wa wachimbaji mkoani Geita, nikikusanya habari za redio. Huko laini ya simu haikukaa na mtu. Simu iliibiwa, au ilidumbukia kwenye dimbwi la kuoshea mchanga, au mwenyewe aliizima kwa sababu zake na wewe hukuuliza. Ulimpigia mchimbaji uliyezungumza naye mwezi uliopita, akapokea mama anayeuza mchele, naye akakuuliza unataka kilo ngapi. Mimi mwenyewe nilishabadilisha laini kiasi kwamba ndugu zangu waliacha kuzihifadhi. Kampuni ya tovuti iliponitaka niandike namba ya simu ya kudumu, nikajiuliza kwa utaratibu kabisa ni nani katika ukoo wetu ana namba isiyohama. Jibu lilikuwa moja tu. Namba ya shangazi imeandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko lake, imechongwa kwenye mlango wa ghala, na wanunuzi wa ng'ombe wa wilaya nzima wanaijua kichwani. Nikaiandika.

Walipotaka barua pepe, nikaweka ile mpya iliyokuja pamoja na tovuti, yenye jina la tovuti yenyewe, kwa sababu ilipendeza machoni. Sikuona tatizo. Tatizo ni kwamba tovuti ikifungwa na barua pepe yake inafungwa nayo. Ni kama mtu aliyefunga nyumba kwa komeo zuri, funguo akaziacha mezani ndani. Dirisha pekee lililobaki wazi lilikuwa simu ya shangazi.

Na tovuti ilifungwa kwa sababu sikuilipia mwaka mpya. Vikumbusho vilikuja, sina cha kuwalaumu. Vingine vilienda kwenye ile barua pepe ya kupendeza, ambayo sikuifungua tena tangu nihamie Shinyanga mjini. Vingine vilikwenda kwa shangazi. Nilipokuja kumuuliza kama amekuwa akipata meseji za kampuni fulani, alisema ndiyo, walimwandikia sana, ni watu wenye bidii. Amezifuta zote. Kanisani walishatangaziwa kuhusu matapeli wa simu: usijibu, usitume, usitaje namba. Alinieleza hayo kwa sauti ya mtu anayesubiri kushukuriwa.

Kampuni ilinipa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kila kilichomo kingefutwa. Nitasema ukweli, mengi yaliyomo yangefutika bila mtu kulia. Kulikuwa na bei za pamba za misimu iliyokwisha, picha za mnada wa ng'ombe ambamo ng'ombe wote wamegeuka upande, na makala ndefu kuhusu madereva wa bajaji ambayo hata mimi sikuwahi kuirudia. Kilichonitoa usingizini ni rekodi moja. Ni sauti ya marehemu baba yangu akisimulia alivyokwenda Geita akiwa kijana kutafuta dhahabu, akashuka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, akatoka na malaria na kofia ya mtu mwingine. Nakala ya kwanza ilikuwa kwenye simu iliyoibwa sokoni. Ya pili ilikuwa kwenye kompyuta iliyokufa na fundi akathibitisha kifo. Iliyobaki ilikuwa kwenye tovuti. Nje ya hapo sauti ya baba haikuwa popote.

Kijana wa huduma kwa wateja alinieleza njia. Nikibonyeza sehemu fulani, kampuni itatuma tarakimu sita kwenye simu ya mwenye akaunti. Ninaziandika, mlango unafunguka, nalipia. Akaongeza kwamba tarakimu hizo haziishi sana, chai ikianza kupoa na zenyewe zimekufa. Nikamwambia hakuna shida, shangazi hatoki nyumbani.

Asubuhi nikabonyeza, kisha nikampigia. Mtu yeyote aliyelelewa Usukumani angeniambia kwamba mpangilio huo umekosewa, lakini nilikuwa nimekaa mjini muda mrefu.

"Mwangaluka, mayu," akaanza shangazi. Ndiyo salamu ya asubuhi, na mayu ni mama, ndivyo anavyoniita tangu nikiwa sina meno. Nikaitikia. Akauliza kama kwangu ni mhola, yaani salama. Nikasema mhola. Akauliza watu wa nyumbani. Akauliza majirani wa kulia, kisha wa kushoto. Akauliza mvua ya Shinyanga mjini, kana kwamba ni nchi nyingine. Akafika kwa ng'ombe. Mimi naishi kwenye vyumba viwili vya kupanga, sina hata kuku, lakini shangazi huuliza ng'ombe wangu kila mara, na jibu ni kwamba hawajambo. Kwenye kioo cha kompyuta niliona muda ukiyeyuka. Nikamkatiza, nikasema nina haraka kidogo, kuna namba imeingia kwenye simu yake.

Akashusha sauti.

"Mayu, umefiwa?"

"Hapana, Shangazi."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi, mwangaluka."

Tukaanza upya.

Jaribio la pili nilijipanga. Nilipiga kwanza, nikamaliza salamu zote bila kuruka hata jirani mmoja, ndipo nikabonyeza. Meseji ikaingia, nikaisikia ikilia upande wa pili. Lakini simu ya shangazi ni kitochi cha zamani, kisimu cha vitufe, na nacho huwezi kuongea na kusoma kwa pamoja. Ilibidi akate, atafute miwani, asome, kisha nimpigie tena. Kumbe kwake kila kupigiwa ni mazungumzo mapya. Alinifupishia, nakiri, lakini alinisalimu. Kisha akasema namba imefika, ila imeandikwa asimpe mtu yeyote.

"Mimi si mtu yeyote, Shangazi."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Akataka ushahidi. Akaniuliza ng'ombe aliyenikimbiza utotoni mpaka nikapanda juu ya ghala alikuwa na rangi gani. Nikajibu haraka, mwekundu. Shangazi akatafakari. Akasema mwekundu ni kweli, lakini yule hakuwa ng'ombe, alikuwa ndama, tena bado ananyonya, na kama ni mimi kweli ningelikumbuka hilo kwa aibu. Wakati tunajadili umri wa ndama, tarakimu zikafa.

Mara ya tatu aliridhika kwamba ni mimi. Salamu zikapita vizuri, miwani ilikuwa tayari usoni, na akanisomea namba bila ubishi. Hapa nieleze kwamba shangazi alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha pamba kwa miaka mingi, na hasomi tarakimu moja moja kama watoto. Husoma uzito. Alisoma elfu zake, mia zake, makumi yake, kwa sauti ya mtu anayetaka mkulima wa mwisho kwenye foleni asikie. Nikaandika. Kompyuta ikakataa, ikasema tarakimu hazijatimia. Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile. Nikahesabu, zilikuwa tano. Nikamuuliza kama hakuna kitu mbele yake.

"Kuna sifuri," akasema.

"Mbona hukuitaja?"

"Sifuri ya mbele haina uzito, mayu. Ningekuandikia sifuri mbele ya kilo zako za pamba ungekubali?"

Nilipoiongeza hiyo sifuri, muda ulikuwa umekwisha. Nikabonyeza tena, na tena, mpaka mfumo ukanichoka. Ukanifungia nje mpaka kesho yake na kuandika ushauri kwa herufi nyekundu kwamba niwasiliane na mwenye akaunti.

Nilipata habari nyingine siku hiyohiyo, kutoka kwa binamu yangu aliyepita gulioni Mhunze. Shangazi alikuwa ameshawaeleza wanawake wa kikundi chake cha kuweka na kukopa kwamba ana kitu chake mjini, hakijui vizuri, ila kiko kwenye kompyuta na kina jina, na mimi ninakitaka. Wanawake wale walimshauri asiwe na haraka.

Kesho yake nikaweka kompyuta kwenye mkoba, nikapanda basi la Mhunze, kisha bodaboda mpaka kijijini. Dereva alipoona jinsi nilivyoukumbatia mkoba akaniuliza kama nimebeba mayai.

Nilimkuta shangazi anaanika michembe kwenye mwamba nyuma ya nyumba, akigeuza vile vipande vya viazi kimoja kimoja kama anavisahihisha. Nilishaamua njiani: sitatazama saa. Nikapiga goti, nikaanza mwenyewe. Mwangaluka. Nikamuuliza watu wa nyumbani, majirani, mvua, pamba. Nilipofika kwenye ng'ombe nilipotea, Kisukuma changu kimepata kutu, na akanisahihisha bila huruma na kunirudisha mwanzo wa sentensi. Sikubisha. Tulimaliza salamu zile jua likiwa limeshahama kwenye mwamba. Akaniletea matobolwa, viazi vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, pamoja na karanga, akakaa karibu yangu, akautazama mkoba.

Akaniuliza mle ndani kuna nini hasa, mpaka nimfuate kama askari anayefuatilia kesi.

Ndipo nilipogundua jambo la ajabu kwa mtu aliyekula mshahara wa habari. Nilikuwa nimemweleza kuhusu kampuni, malipo, tarakimu, muda na akaunti. Kiini cha habari sikuwahi kumwambia. Kila mara tulifia njiani, kwenye majirani au kwenye ndama.

"Kuna sauti ya baba," nikasema. "Niliirekodi kabla hajaugua. Iko humo tu, na watu hao wanataka kuifuta."

Mkono wake uliokuwa ukimenya karanga ukasimama.

"Kaka yangu?"

"Anasimulia mambo ya Geita."

Aliitazama karanga ile kana kwamba ndiyo iliyosema. Kisha akaniambia, "Ungeanza na hilo."

"Ungeniruhusu nianze na hilo, Shangazi?"

Alilifikiria swali hilo kwa haki, kama alivyokuwa akifikiria malalamiko ya mizani.

"Hapana," akasema. "Ila za ng'ombe ningeziruka."

Simu yake hukaa ndani ya kopo lililokatwa na kufungwa kwenye nguzo ya baraza, kwa kuwa ni hapo tu mtandao unapofika. Ukiiondoa hata kwa hatua chache, inakuwa kiberiti. Tukasimama wote wawili kwenye nguzo ile, mimi nimeiweka kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa, yeye na miwani yake. Nikawasha intaneti kutoka kwenye simu yangu, ambayo ilipata mtandao kwa kuning'inizwa kwenye msumari juu ya kopo. Nikabonyeza. Kitochi kikalia. Shangazi akakitoa kidogo, akakirudisha, akajikohoza.

"Sifuri," akasema kwa sauti ya mizani, ile ya kumfikia mkulima wa mwisho. "Ya mbele. Haina uzito lakini wanaitaka." Akaendelea moja moja, akinitazama kila baada ya tarakimu kuona kama nimeandika.

Mlango ukafunguka. Sikupiga kelele, ila nilimshika shangazi mkono, naye akaniuliza kama sasa kitu chake kiko salama. Nikamwambia bado, nalipia kwanza. Nikalipia. Kampuni ikajibu kwamba kurasa zitarudi baada ya muda, bila kusema ni muda gani, tukarudi kwenye matobolwa.

Wakati wa kusubiri nikafanya usafi ambao ningepaswa kuufanya tangu Geita. Barua pepe ya kupendeza nikaiondoa, nikaweka nyingine isiyotegemea tovuti. Nilipofika kwenye namba ya simu, shangazi akainamia kioo na kuuliza ninafuta nini. Nikamwambia naweka namba yangu badala ya yake, asisumbuliwe tena.

"Tangu uanze kazi umebadilisha laini mara ngapi?"

Nikatafuna karanga.

"Acha yangu," akasema.

Nimeiacha. Yangu nimeiongeza chini yake, kama mrithi. Mpaka leo, nikitaka kugusa jambo kubwa kwenye tovuti, kubadilisha neno la siri au kulipia mwaka, tarakimu zinakwenda kwanza kwenye nguzo ile ya baraza. Nimeshajua mpangilio. Napiga asubuhi, nasalimia mpaka mwisho, natoa taarifa ya ng'ombe ambao sina, ndipo naomba ruhusa ya kubonyeza. Shangazi hukata bila kuaga, husoma, na nikimpigia tena huanza na sifuri hata kama haipo, kwa tahadhari. Akishamaliza, huniuliza kama nimeandika jipya. Nikisema hapana, huniambia kitu kikikaa bila kufagiliwa kinaota majani. Amekuwa mhariri mkali kuliko yeyote niliyefanya naye kazi redioni, na hajawahi kuifungua tovuti hiyo mwenyewe hata mara moja. Rekodi ya baba nimeinakili pengine pia, sehemu zaidi ya moja. Hilo sijamwambia, asije akadhani nimeanza kumwibia.

Lakini siku ile kurasa zilirudi alasiri. Zilirudi kwa vipande, kwanza ng'ombe waliogeuka upande, kisha bajaji, ambazo ningezisamehe kama zingechelewa. Rekodi ilikuwa ya mwisho. Nikakivuta kiti cha shangazi karibu na kinu, nikaongeza sauti.

Kuna jambo nilikuwa nimelisahau kuhusu rekodi ile. Redioni, kitu cha kwanza kukatwa ni salamu. Mgeni akishasema habari za asubuhi, mkono wa fundi mitambo uko tayari, kwa kuwa wasikilizaji wanataka habari. Rekodi ya baba sikuwahi kuikata. Nilikuwa nasema nitaipunguza kesho, na kesho ile haikufika. Siku namrekodi nilimweleza kwamba watakaomsikiliza ni watu asiowaona, wa huku na huko. Aliwaza kidogo, akasema basi itabidi awasalimie wote. Na aliwasalimia kweli, huku akiacha nafasi baada ya kila swali ili wajibu, nami nilikaa na mikrofoni mkononi nikimwonea huruma msikilizaji.

Kompyuta ikatoa mkwaruzo wa kiti, kikohozi cha baba, kisha sauti yake, ya karibu kabisa.

"Mwangaluka."

Ikafuata ile nafasi. Mimi nilitupa jicho kwenye mtandao, nikiogopa umekatika.

"Mwangaluka," shangazi akaitikia.

Baba akauliza kama kwao ni mhola. Akasubiri. Shangazi akasema mhola. Akauliza watu wa nyumbani, na shangazi akamjibu nani yupo, nani ameolewa, nani amehamia Kahama karibu na mgodi wa Buzwagi anafanya kazi ya ulinzi. Hakuwa ananitazama. Alikuwa amejiinamisha kidogo upande wa kompyuta, kama anavyofanya mtu anayeongea na mgeni aliyechoka. Nafasi alizoziacha baba zilimtosha, kwa kuwa wamelelewa na mama mmoja na wanajua pumzi ya salamu inapoishia.

Kisha baba akauliza ng'ombe.

Hapo shangazi akajiweka sawa kwenye kiti. Akaanza na yule mwenye doa, aliyeuzwa kwa ajili ya matanga, matanga ya baba mwenyewe, ingawa hilo hakulisema. Akasema juu ya ukame wa mwaka ule, na ndama wawili waliozaliwa baada ya mvua kurudi, na yule dume mkorofi. Alikuwa katikati ya dume mkorofi pale baba alipojikohoza na kusema basi, yeye alipoondoka kwenda Geita alikuwa na shati moja.

Shangazi akainua kiganja.

"Msimamishe."

Nikamsimamisha baba.

"Mrudishe kwenye ng'ombe," akasema. "Sijamaliza kumjibu."